Daktari Aliyemeza Uzi Mbele ya Watu

Siku niliyomwona Daktari kwa mara ya kwanza alikuwa ametumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe cha chai cha mfiwa.

Yalikuwa matanga ya jirani yetu wa hapo Kibarani. Mtu wa makamo, mwenye nguvu zake, alianza kwa kukwamwa na nyama. Baadaye ikawa sima, kisha uji, na mwisho hata mate yake mwenyewe yakawa hayapiti. Tulikuwa tumeketi kwenye mikeka, wanawake watupu, chai ikipitishwa. Akaingia mama mrefu, mwembamba, kavaa buibui na raba nyeupe za kukimbilia. Alitoa pole vizuri kabisa, akakaa kitako karibu na dada wa marehemu. Kikombe cha yule dada kilipoletwa, mama akafungua mkoba, akatoa kipimajoto, akakifuta kwa kitambaa safi, akakichovya katika chai ya mwenzake.

Mikeka yote ikamgeukia.

"Niwie radhi, mpenzi," alisema. "Wewe waweza kuinywa ikiwa hivi?"

"Ndiyo ninavyoinywa," yule dada akajibu, macho yamemtoka.

"Na marehemu naye?"

"Yeye alitaka ya moto zaidi."

Mama yangu aliniinamia sikioni. "Huyu ana wazimu, au hana adabu?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi juzi tu. Mwezi haukuisha, nikapangiwa kazi katika chumba cha kamera ya koo, hospitalini Kilifi. Nilipofungua mlango nikamkuta mle ndani mama wa kipimajoto, koti jeupe juu ya buibui, akimwambia mgonjwa ameze mate.

Hospitali ile ilikuwa na madaktari wengi, lakini ukisema "Daktari" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mtu wa Malindi, wa mji wa kale, na ulimi wake ulikuwa wa huko: mpana, wa taratibu, uliojaa heshima hata alipokuwa akikutukana. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, hebu niambie, ni nani aliyekudanganya kwamba hii kazi waijua?" na wewe ukatamani angepiga kelele kama wenzake. Alitembea haraka mpaka wagonjwa wakadhani kuna moto. Alipenda halwa kupita kiasi na aliificha kwenye kabati la dawa. Wagonjwa maskini aliwasalimu kwanza, matajiri baadaye. Wazee wa bara waliokuja kutoka Jilore na kwingineko aliwapa shikamoo kwa mikono miwili, kisha akajaribu Kigiriama chake kibovu. Wazee wakacheka, na kucheka kule kuliwalegeza koo. Sijui kama alifanya makusudi. Nilipomuuliza alinuna, akasema Kigiriama chake ni kizuri, ila sisi Wagiriama ndio hatukisikii.

Wakati wa chakula cha mchana, wengine wakisoma magazeti, yeye alitusomea tafiti. Alikuwa nazo kwenye simu na kwenye makaratasi yaliyojaa madoa ya mchuzi. "Sikizeni," angesema, na vijiko vikasimama. Mtu akitaja saratani ya umio, ile njia ya chakula iendayo tumboni, neno lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Ipi?" Maana zipo mbili, alitufundisha. Kwa wenzetu wa nchi tajiri inayoongezeka ni ile inayoanzia chini, karibu na tumbo, kwa sababu ya asidi inayopanda na unene. Yetu sisi ni nyingine, inayoanzia kwenye utando wa umio wenyewe, na inafuata ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Uhabeshi kushuka hadi kusini kabisa. Ndani ya ukanda huo kuna vijiji inakomaliza watu, na vijiji vya jirani ambako haijulikani sana. "Kwa nini hapa, na si pale ng'ambo ya mto?" Hilo lilimnyima raha. Alilitamka kama mtu aliyeibiwa anayejua mwizi bado yumo nyumbani.

Alitusimulia jinsi watafiti walivyokaa na wanavijiji wa kaskazini ya Uchina miaka na miaka, wengine wakipewa vitamini, wengine wasipewe, ili ionekane nani anaugua. Alitusimulia kuhusu Uajemi, walikoingia majumbani kupima moto wa chai kabla haijanywewa. Ndiko alikotoa wazo lake la kipimajoto. Alizijua hoja za tumbaku na pombe, za moshi wa kuni jikoni, za meno mabovu, za mlo usio na mboga wala matunda. Lakini kila aliposoma alikuwa akipigwa na mshangao mpya, kama aliyekutana na ugonjwa huu asubuhi ile ile. "Hawa walikuwa vijana!" alisema siku moja, akaiweka sahani chini. Karatasi ilizungumzia wagonjwa wa bara, magharibi ya nchi, waliougua wakiwa na umri wa kulea watoto wachanga. "Hawajaishi muda wa kutosha kuungua. Basi nini? Ni damu? Ni kitu walichozaliwa nacho?" Chakula chake kikapoa. Hakukigusa tena.

Jambo moja alilishikilia kwa ukali. Mgonjwa lazima aambiwe. Nakumbuka watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Malindi, watu wazima wenye ndevu zao, walivyomzingira kwenye ukumbi.

"Daktari, tafadhali. Mwambie ni vidonda vya tumbo," mkubwa wao alimsihi. "Akijua, atakufa kwa hofu."

"Ugonjwa ni wa nani?"

"Wa baba."

"Basi na habari zake ni zake. Mkitaka kuficha, ficheni za kwenu."

Akaingia, akafunga mlango, akamwambia mzee. Nilikuwa ndani. Mzee aliduwaa, kisha akamshika mkono. "Ahsante, binti yangu," alisema. "Nilikuwa nimeshachoka kuwaonea huruma hawa wanangu kwa jinsi wanavyojua kusema uongo." Daktari alicheka, kisha akatoka na kwenda kusimama peke yake nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya maji. Alikuwa na desturi hiyo. Hakuna aliyemfuata.

Huyu aliyetaka kila mtu achunguzwe, yeye mwenyewe hakuchunguzwa na mtu. Jino lilimuuma mwaka mzima na hakwenda kwa daktari wa meno. Shinikizo la damu alijipima mwenyewe, akajiandikia dawa mwenyewe. Nilipomtania kwamba anaogopa, alinitazama vibaya. "Siogopi. Sina nafasi." Chai alikunywa ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Sigara hakuijua, pombe haikupita mdomoni mwake, na nyumba yake ilipika kwa gesi tangu zamani. Sote tuliamini kwamba kama kuna mtu duniani ambaye ugonjwa huu hauna njia ya kumfikia, ni yeye.

Kwa kuwa alisadiki kwamba neno likiwafikia watu litawaokoa, alikwenda kila alikoitwa. Alisema redioni, alisema katika vikao vya akina mama, alisema katika mabaraza ya chifu. Nilifuatana naye nikitafsiri. Kule Matsangoni alisimama mbele ya baraza, akainua kikombe. "Akina mama, huu uji mnaotoa jikoni ukifoka, ni moto mnaoumimina kooni mwa waume zenu. Upozeni kwanza! Mume ni wako, koo ni lake, lakini mwiko umeushika wewe." Watu walicheka, walipiga makofi. Hata mimi niliona amesema vizuri.

Baadaye, siku ya kazi kama siku nyingine, mlango wetu ulisukumwa pasi na hodi. Aliingia mwanamke kijana, kajifunga leso, miguu ina vumbi hadi magotini, uso umevimba kwa kulia. Jina lake Sidi. Nilimkumbuka. Mumewe, Karisa, alikuwa mgonjwa wetu. Aliletwa akiwa amekwisha, Daktari akamwekea mrija wa waya kooni ili angalau anywe maziwa, na alikuwa amezikwa siku si nyingi.

Sidi hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Daktari.

"Nataka unijibu machoni pangu. Mimi ndimi niliyemuua mume wangu?"

Daktari aliinuka kwa mshtuko. "Astaghfirullah! Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wewe."

Sitasahau jinsi uso wa Daktari ulivyobadilika. Alirudi kitini polepole, kama aliyesukumwa kifuani.

Sidi alieleza amesimama. Baada ya maziko, shemeji yake Charo aliita ndugu, akawakumbusha maneno ya barazani. Mwiko aliushika nani? Uji ulitoka kwa nani? Mwanamke huyu aliambiwa na daktari mkubwa, mbele ya chifu, mbele ya kijiji kizima, akaendelea kumlisha ndugu yetu moto. Wakamtolea vyombo vyake barabarani. Watoto wakabaki kwa bibi yao. Yeye akaambiwa arudi kwao Jilore, asionekane tena.

"Alikuwa akiutaka wa moto," Sidi alisema. "Nikiupoza, aliurudisha. Nilifanyaje?"

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya vyombo, nikaitua mezani, kwa sababu maneno yale ya barazani, kwa Kigiriama, yalikuwa yametoka kinywani mwangu.

"Kaa, mwanangu," hatimaye Daktari alisema. "Kaa unywe maji. Kesho twenda wote."

Tulikwenda Matsangoni asubuhi. Charo tulimkuta uani, mtu wa miraba minne, macho mekundu kwa msiba. Alikuwa hana ubaya usoni. Alikuwa mtu aliyempoteza ndugu yake na akapata mahali pa kuitua hasira. Mama yake, hawe wa watoto, yaani bibi yao, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Majirani walijaa uani kabla hatujamaliza salamu.

"Charo," Daktari alianza, "nimekuja kwa jambo la shemeji yako."

"Si ni wewe uliyesema?" Charo alimkatiza. "Sisi hatukuzua. Tulisikia kwa masikio yetu."

"Nilisema. Na nilisema vibaya."

Nilitafsiri kwa wazee.

"Hebu nikuulize," Daktari akaendelea. "Uji ule ulipikwa kwenye sufuria ngapi?"

"Moja."

"Wewe ulikunywa wapi?"

Charo akasita. "Hapa hapa. Toka sufuria hiyo."

"Ukiwa wa moto?"

"Wa moto."

"Na mama?"

"Naye pia."

"Basi kwa nini amelala Karisa, nyinyi mkabaki?"

Daktari aliwageukia majirani. "Uji wa moto ni mbaya, sirudi nyuma. Uacheni upoe. Watafiti wametazama watu wengi mno, wakaona wanaokunywa vya moto sana wanaugua zaidi ya wengine. Lakini hayo ni maneno kuhusu watu wengi kwa pamoja. Hakuna mtu aliye hai, si mimi, si mwingine, awezaye kusimama juu ya kaburi moja akasema, huyu kauawa na uji. Mimi nilisema kana kwamba naweza. Nilitaka mcheke ili msisahau. Na hamkusahau."

Charo alifuta uso kwa mikono miwili. "Kwa hivyo ni nini kilichomuua ndugu yangu?"

"Sijui," Daktari akasema.

Nadhani ndilo neno gumu kuliko yote niliyowahi kumsikia akilitamka. Na pale ndipo yule bibi mlangoni aliposukuma ungo wake kando. "Karisa nilimnyonyesha mimi," alisema kwa Kigiriama, bila kuinua macho. "Nikamwachisha ziwa kwa uji, na uji ulikuwa wa moto, maana ndivyo nilivyofunzwa. Kama kosa ni la aliyeshika mwiko, anzeni kunitoa mimi."

Jioni ile vyombo vya Sidi vilirudishwa ndani. Charo mwenyewe alibeba sufuria. Hakumwomba msamaha, na nasikia walikaa muda mrefu wasisemezane, lakini watoto walilala na mama yao.

Daktari alibadilika. Kipimajoto kilitoweka mkobani. Redio walipompigia simu aliwaambia ana kikohozi. Chakula cha mchana kikaliwa kimya, tafiti zikabaki kwenye simu. Nikamwona mara nyingi zaidi nyuma ya jengo, karibu na mapipa.

Kilichomrudisha ni utafiti mpya. Kwa miaka mingi wataalamu waliuliza ugonjwa huu unatoka wapi. Sasa walikuwa wakiuliza na la pili: twaweza kuuona mapema kiasi gani, kabla mtu hajakwamwa na tonge? Maana akishakwamwa, mara nyingi tumeshachelewa. Kamera ni ghali, hazitoshi, na watu wanaziogopa. Ndipo ikaja njia ya kidonge kilichofungwa uzi. Unakimeza kwa maji, uzi unabaki mdomoni. Tumboni kidonge kinayeyuka na kufungua sifongo ndogo iliyokunjwa. Muuguzi anauvuta uzi, sifongo inapanda ikipangusa umio njia nzima, na chembe zilizonaswa zinapelekwa maabara. Nchi nyingine wameshaijaribu. Sisi tulitakiwa kujua kama watu wa kwetu wataikubali, na kama itawaona wagonjwa ambao bado hawajijui.

Tulichagua zahanati ya Matsangoni. Matsangoni ikatukataa.

"Mara ya kwanza mlitugombanisha kwa maneno," mzee mmoja alituambia siku ya mkutano. "Leo mwataka kututia kamba kooni kama samaki."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri. Walianza kusimama mmoja mmoja. Daktari alikuwa ameketi pembeni. Aliinuka, akavua koti lake jeupe, akanipa.

"Sista, lete kimoja."

Nilidhani sikusikia. "Daktari?"

"Lete kidonge. Na maji."

Mtu asiyethubutu kumpa daktari wa meno jino lake! Nilikiweka kile kidonge kiganjani mwake. Alisema bismillahi, akameza. Aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, uzi ukining'inia pembeni mwa mdomo, na waliokuwa wakiondoka wakarudi kumtazama. Muda ulipofika nilimpulizia dawa ya ganzi, nikauvuta. Alipaliwa, machozi yakamtoka, akashika vishikio vya kiti. Kina mama wakapiga ukelele. Sifongo ikatoka, ndogo, imelowa.

"Umeumia?" yule mzee akamuuliza, mwenyewe amesogea mpaka karibu.

"Kumenikwaruza," Daktari alijibu kwa sauti iliyopasuka. "Siwezi kukudanganya. Lakini imekwisha, na nina njaa."

Mzee akatafakari, kisha akaomba kiti. Sidi alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nilipokuwa nikifungasha chupa za maabara nikamuuliza kama sifongo yake niitupe. Alishangaa. "Uitupe ya nini? Kitu kikishapatikana kinapimwa."

Majibu yalirudi kwa barua pepe. Nilikuwa peke yangu ofisini. Wengi walikuwa salama. Wachache walihitaji kuitwa tena. Miongoni mwao ilikuwa namba ya kwanza kabisa, chembe zimebadilika, apigwe kamera bila kuchelewa. Nikajiambia nimesoma mstari wa juu yake. Nikaweka rula kwenye kioo cha kompyuta. Nikasoma tena. Kisha nikapiga simu maabara, nikawaomba waangalie upya, na walipopiga kunijibu nikawa nimesimama, sijui niliinuka saa ngapi. Chai yake ya baridi, jiko lake la gesi, mapafu yake safi, yote yalinizunguka kichwani. Si yeye, nilikuwa nikisema kwa sauti, ofisi tupu. Si yeye.

Nilimfuata Malindi siku ya Jumamosi alasiri. Alinikaribisha kwa furaha, akanilazimisha nikae penye upepo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nilimpa simu tu.

Alivaa miwani. Alisoma. Alisoma tena kwa uso ule ule wa saa ya chakula cha mchana. Ghafla nikaona amefika kwenye mstari wenyewe.

"Namba moja ni mimi."

"Ni wewe, Daktari."

"Warudie."

"Wamerudia."

Alivua miwani. "Lakini mimi sinywi…" alianza, akanyamaza. Alinitazama kwa mshangao wa mtoto. "Chai yangu baridi. Kwa nini mimi?" Kisha akajifunika uso kwa mtandio, na chini ya mtandio nikamsikia akisema, "Yarabi, na mimi nauliza kama wagonjwa wangu."

Sikujua kama nimguse. Nilimshika bega. Tulikaa hivyo mpaka muadhini akaadhini.

Alipofunua uso, alikuwa ameshaamua jambo ambalo lilinishtua pengine kuliko majibu yenyewe.

"Asijue mtu."

"Daktari, wewe ndiye uliyesema…"

"Najua niliyosema. Sikiza. Wakisikia Matsangoni, watasema uzi ndio ulionitia. Nani atauvuta tena? Wale walioitwa hawatarudi. Watafia majumbani." Alinikazia macho. "Niapie."

Hoja ilikuwa na maana. Lakini nilimtazama machoni nikaona na kitu kingine, kile kile nilichokiona kwa wale wana wa mfanyabiashara, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilijua anaogopa. Sikuapa. Nilimwambia tu kwamba sitakuwa mimi wa kusema.

Alikwenda jiji kuu kimya kimya. Huko walimpitishia kamera, wakampaka iodini ndani ya umio. Penye afya pakageuka rangi, pabaya pakabaki peupe: kipande kidogo, juu juu, hakijazama. Wakakitoa kwa kamera hiyo hiyo, bila kumpasua. Angengoja mpaka akwamwe na tonge, waliniambia baadaye madaktari wa huko, hadithi ingekuwa nyingine. Hospitalini tuliarifiwa kwamba amechukua likizo, kisha kwamba amestaafu. Nilimpigia simu, hakushika.

Kwa hiyo sikumtarajia kabisa asubuhi ile zahanatini Matsangoni, wengi wa walioitwa mara ya pili walipofika kuandikishwa kwa ajili ya kamera. Nilitoka nje kuita jina, nikamwona kwenye benchi, kati ya kina mama wengine, hana koti jeupe, amebeba mkoba mapajani kama mgonjwa yeyote. Alikuwa amekonda. Nilifungua mdomo, akanikonyeza nisiseme.

Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene wa makamo, muuza muhogo, ambaye asubuhi nzima alikuwa akinisumbua kwamba hatakwenda Kilifi kupigwa kamera ng'o. Alikuwa ameshasimama na kikapu chake.

"Waenda wapi, dada?" Daktari akamuuliza.

"Nyumbani. Majibu yao ni mabaya. Mtu akishaambiwa mabaya, ya nini kuyafuata?"

"Mimi pia yalikuwa mabaya."

Mama wa muhogo alimkodolea macho. Kisha akamtambua. "Si wewe daktari? Si wewe uliyemeza pale mbele yetu?" Akageukia wenzake, sauti ikapanda. "Jamani! Mwasikia? Na yeye wamemkuta nayo! Si nilisema ni huo uzi!"

Benchi nzima iliinuka. Kuna aliyeanza kumvuta mwanawe. Nilihisi kila tulichokijenga kinaporomoka mbele ya macho yangu.

Daktari hakusimama. "Ilikuwamo kabla ya uzi," alisema kwa ile sauti yake isiyopanda. "Miaka, nadhani. Sikuijua, kwa sababu sikutaka kutazamwa. Naogopa sana kutazamwa. Nimeificha habari hii hadi leo, wala familia yangu hawajui yote. Wameikata, imetoka. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Nitakuwa nikienda kupimwa. Hayo ndiyo yote niliyonayo."

Mama wa muhogo alikuwa bado amesimama, kikapu begani.

"Na kula, wala?" aliuliza.

"Nala."

"Wala chakula kigumu?"

"Nala."

Yule mama alitua kikapu, akafunua kitambaa, akachomoa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akamnyooshea. "Haya. Kula nikuone."

Daktari alikipokea kwa mkono wa kulia. Alikimega, akatafuna taratibu, na wanawake wote wakasogea, macho yao shingoni mwake. Alimeza. Nikaona tonge linashuka, nikaona anafumba macho kidogo kama linapopita panauma, kisha akayafumbua. Akamega kipande cha pili.

Mama wa muhogo alimtazama mpaka akamaliza. Alifunika kikapu chake, akakisukuma chini ya benchi, akaketi. Ndipo aliponigeukia mimi.

"Sista," akasema, "gari la Kilifi lapita saa ngapi?"